Watoto Wanene na Uwanja wa Michezo: Historia ya Mazoezi Kama Tiba

Mazoezi ya viungo yaliingia katika tiba ya watoto wenye unene uliokithiri katika karne ya 20, tena kwa kuchelewa. Kabla ya hapo mtoto mnene hakuhesabiwa kuwa mgonjwa. Katika jamii nyingi alikuwa fahari ya nyumba: amekula akashiba, na mama yake akasifiwa kwa malezi. Aliyewakosesha usingizi wazazi, walimu na watawala alikuwa mtoto aliyekonda, mbavu zinahesabika, kikohozi hakimtoki.

Ndiyo maana historia ya viungo shuleni ni ndefu kuliko historia ya mazoezi kwa watoto wanene. Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wake wa viungo huko Hasenheide, nje ya Berlin ya wakati ule, mwaka 1811, kwa nia ya kuwaandaa vijana wa Prussia kupigana na Napoleon. Miaka miwili baadaye Pehr Henrik Ling alianzisha chuo cha viungo Stockholm, na mtindo wake wa kunyoosha mikono na kupinda mgongo kwa amri ya mwalimu ukaenea hadi katika shule za Uingereza. Uingereza yenyewe ilishtuka baada ya Vita vya Makaburu, kwa sababu vijana wengi waliojitokeza kujiunga na jeshi walikataliwa kwa udhaifu wa mwili. Kamati iliyoundwa ilitoa taarifa yake mwaka 1904, sheria ya chakula cha shuleni ikapitishwa mwaka 1906, na ukaguzi wa afya za wanafunzi ukafuata mwaka 1907. Katika yote hayo adui alikuwa njaa. Mazoezi ya shule yalibuniwa kwa ajili ya mwili uliokonda na kwa mahitaji ya jeshi, na mtoto mnene alipoyakuta baadaye, aliyakuta hayakupimwa kwa mwili wake.

Wakati huohuo madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakikitafuta chanzo cha unene wa mtoto ndani ya tezi zake. Mwaka 1901, Alfred Fröhlich wa Vienna alieleza habari za mvulana aliyekuwa na uvimbe kwenye eneo la tezi ya pituitari, aliyenenepa na ambaye dalili za balehe hazikuonekana kwa wakati wake. Kisa hicho cha nadra kikageuzwa kanuni. Kwa zaidi ya miaka 30 watoto wanene, hasa wavulana, walibandikwa jina la ugonjwa wa Fröhlich na kupewa dawa zilizotengenezwa kutokana na tezi za wanyama. Kwa fikra hizo mazoezi hayakuwa na nafasi. Kama kosa liko kwenye tezi, mbio zitasaidia nini?

Aliyeitikisa imani hiyo ni Hilde Bruch. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1904 katika familia ya Kiyahudi, akasomea udaktari, na Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933 akaikimbia nchi yake. Baada ya kukaa Uingereza kwa muda, alifika New York mwaka 1934, na mwaka 1937 akaanza kuwachunguza watoto wanene waliokuwa wakiletwa katika hospitali ya watoto ya Babies Hospital. Alipima urefu wao, akakagua ukomavu wa mifupa, akafuatilia balehe. Matokeo, ambayo yalianza kuchapishwa mwaka 1939, yalikuwa kinyume cha yaliyotarajiwa. Wengi wa watoto hao walikuwa warefu kuliko wenzao wa umri uleule, na balehe yao ilifika kwa wakati au mapema. Tezi zao zilikuwa nzima.

Bruch hakuishia hapo. Alizichunguza familia, akauliza mtoto anakula nini, anacheza na nani, anafanya nini baada ya shule. Katika sehemu ya utafiti huo iliyotoka mwaka 1940 alionyesha kwamba wengi wa watoto wale walikuwa hawachezi kabisa. Wengine hawakuruhusiwa kutoka nje kwa kuogopewa wataumia. Wengine walivishwa nguo na mama zao katika umri ambao mtoto huvaa mwenyewe. Kwa Bruch, kutocheza kulikuwa sehemu ya jambo kubwa zaidi: mtoto aliyelelewa kwa hofu, asiyeuamini mwili wake, ambaye chakula kilikuwa ndiyo raha yake ya uhakika. Kumwamuru mtoto wa namna hiyo akimbie, bila kuigusa ile hofu, kulikuwa kumwongezea mzigo. Hapo aliona mbali. Alipokosea ni kuwatwika akina mama lawama zaidi ya wanavyostahili, wengi wao wakiwa wahamiaji maskini waliobanana katika vyumba vidogo vya mji mkubwa, na kosa hilo liliendelea kurudiwa na madaktari wengine kwa miaka mingi baada yake.

Miaka ya 1950 Marekani ilianza kuhofia ulegevu wa watoto wake, ingawa kwa sababu isiyohusu unene moja kwa moja. Daktari Hans Kraus na Bonnie Prudden waliwapa watoto wa Marekani na wa Ulaya jaribio la mazoezi sita mepesi ya nguvu ya tumbo na mgongo na ulaini wa viungo. Zaidi ya nusu ya Wamarekani walishindwa angalau zoezi moja, ilhali kwa watoto wa Austria, Italia na Uswisi walioshindwa hawakufika mmoja kati ya kumi. Habari hiyo ilifika kwa Rais Dwight Eisenhower mwaka 1955, na mwaka 1956 akaunda baraza la taifa la kusimamia ukakamavu wa vijana. Shule zikaanza kupima wanafunzi wao kwa mbio, kuvuta chuma na kukaa kutoka chali. Kwa mtoto mnene, siku ya kipimo ikawa siku ya kuning'inia kwenye chuma mbele ya darasa zima bila kuweza kujiinua.

Mtu aliyeyaweka mazoezi katikati ya mjadala wa unene wenyewe ni Jean Mayer, Mfaransa aliyepigana katika Vita Kuu ya Pili kisha akawa mtaalamu wa lishe katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alianza na wanyama wa maabara, akahamia kwa wafanyakazi wa kiwanda cha magunia huko Bengal, India, na mwaka 1956 yeye na wenzake wakachapisha utafiti wa wasichana wa sekondari karibu na Boston. Wasichana 28 wanene walilinganishwa na 28 wa uzito wa kawaida. Wanene hawakula zaidi ya wenzao. Kwa maelezo yao wenyewe walikula pungufu. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba hawakujishughulisha. Kisha, ili asitegemee maneno ya mtu kuhusu yeye mwenyewe, Mayer na wenzake wakapeleka kamera kwenye kambi za likizo. Walipiga vipande vifupi vya filamu wakati wasichana wakiogelea, wakicheza wavu na wakicheza tenisi, wakahesabu ni katika vipande vingapi mtu anaonekana akitembea na vingapi amesimama tu. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 1964, uliwaonyesha wasichana wanene wakiwa ndani ya mchezo lakini wamesimama: mpira ukija wanaupiga, usipokuja wanangoja, na kwenye maji wanaelea palepale.

Si wote waliokubali. Mwaka 1962 Albert Stunkard na mwenzake waliwavalisha wasichana vifaa vya kuhesabu hatua, na hawakuona tofauti kubwa kati ya wanene na wasio wanene. Ubishi huo ulipata sehemu ya jibu baada ya njia mpya ya upimaji kuanza kutumika kwa binadamu mwaka 1982. Mtu hunywa maji yenye atomi maalumu zisizo na madhara, na kwa kuzifuatilia katika mkojo wake kwa siku kadhaa mtafiti hujua ametumia nishati kiasi gani katika maisha yake ya kawaida, bila kufungiwa maabara. Mwaka 1990 Linda Bandini na wenzake walionyesha kwa njia hiyo kwamba vijana wanene hawatumii nishati pungufu kuliko wenzao. Sababu yake ni nyepesi: mwili mzito unadai nguvu zaidi kwa kila hatua. Mtoto wa kilo 70 anayepanda ngazi zilezile na mwenzake wa kilo 35 anafanya kazi karibu maradufu, moyo unamdunda, magoti yanabeba mzigo, joto la mwili linapanda haraka. Anaposimama kabla ya wenzake, hajazembea, amechoka kweli. Mayer alikuwa ameona sawasawa kwamba watoto hao husogea kidogo. Hakuwa na njia ya kuona kila msogeo unawagharimu kiasi gani.

Jambo lingine ambalo Mayer anastahili kukumbukwa kwalo ni kwamba hakufumba macho kuhusu dharau. Mwaka 1961 watafiti wengine wa Marekani walikuwa wamewaonyesha watoto wa miaka 10 na 11 michoro sita ya watoto, wakiwemo mwenye magongo, aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu na asiye na mkono, wakawaomba wapange nani wanampenda zaidi. Mtoto mnene alishika mkia. Mwaka 1963 Mayer na mwenzake waliandika kwamba wasichana wanene hujiona na kujilinda kama watu wa kabila linalobaguliwa, na mwaka 1966 akaonyesha kwamba vyuo vyenye sifa huwapokea kwa uchache hata wakiwa na alama nzuri kama za wenzao. Huyu alikuwa mtaalamu aliyewataka watoto wafanye mazoezi zaidi, na ndiye aliyesema waziwazi kwamba uwanja wa michezo umejaa watu wanaowacheka.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuuliza ni mazoezi ya namna gani. Leonard Epstein wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh alilifanyia kazi swali hilo katika miaka ya 1980 kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 pamoja na wazazi wao. Kundi moja lilipewa ratiba ya mazoezi ya pumzi: kukimbia, kuogelea au kuendesha baiskeli kwa muda na kasi iliyopangwa. Kundi la pili lilitakiwa kuongeza mwendo katika shughuli za kila siku, kama kwenda shule kwa miguu, kupanda ngazi na kucheza nje, kila mtoto akijichagulia. Kundi la tatu lilifanya viungo vya kunyoosha na kujikunja palepale. Watoto hao walifuatiliwa kwa miaka 10. Kundi la viungo lilizidi kunenepa. Makundi mawili ya kwanza yalipungua, na lile la shughuli za kila siku lilifanya vizuri kuliko yote. Tafiti zake nyingine zilionyesha kwamba matokeo hudumu pale mzazi anapobadilika pamoja na mtoto, na si mtoto peke yake anapopewa masharti.

Kufikia hapo televisheni ilikuwa imeingia katika kila sebule ya Marekani. William Dietz na Steven Gortmaker walichapisha mwaka 1985 utafiti uliohusisha saa za kutazama televisheni na unene wa watoto, na kadiri saa zilivyoongezeka ndivyo unene ulivyoongezeka. Epstein alilichukua wazo hilo akaligeuza tiba. Mwaka 1995 alionyesha kwamba watoto waliozawadiwa kwa kupunguza saa za kukaa walipungua zaidi, baada ya mwaka mmoja, kuliko waliozawadiwa kwa kuongeza mazoezi, na wakaanza kuyapenda mazoezi yenyewe. Mtoto aliyezimiwa televisheni hutafuta cha kufanya, na anachokichagua mwenyewe hakichoshi kama alichoamriwa.

Huko Augusta, jimbo la Georgia, Bernard Gutin na wenzake walipima kitu kingine: si mizani, ila kilichomo ndani ya mwili. Katika miaka ya 1990 watoto wanene walifanya mazoezi baada ya shule siku tano kwa wiki, dakika 40 kila siku, sehemu kwenye mashine na sehemu kwa michezo. Baada ya miezi minne mafuta ya mwili yalipungua, na yale yanayozunguka viungo vya tumboni, ambayo ndiyo hatari zaidi kwa kisukari na moyo, yaliongezeka kidogo sana kuliko kwa watoto wasiofanya mazoezi hayo. Mtoto anaweza kuwa na uzito uleule kwenye mizani huku afya yake ikiwa imebadilika. Kliniki nyingi zilichelewa kulielewa hilo, na watoto wengi waliambiwa wameshindwa wakati miili yao ilikuwa inapona.

Huko Leeds, Uingereza, Paul Gately alifungua kambi ya likizo kwa watoto wanene mwaka 1999 kwa kufuata mfano wa zile za Marekani, lakini akatilia mkazo kufundisha stadi za michezo, ili mtoto arudi nyumbani akijua kudaka, kupiga pasi na kuogelea. Kambi za namna hiyo hupunguza kilo kadhaa kwa mwezi. Tatizo lao ni kwamba mtoto hurudi kwenye nyumba ileile na mtaa uleule.

Moja ya majaribio makubwa ya kuwaondolea watoto unene kwa mazoezi ya shule lilifanyika Singapore. Nchi hiyo ndogo ilitajirika haraka, na chakula kikawa tele ndani ya kizazi kimoja. Ilikuwa pia na sababu ya kijeshi: kila kijana wa kiume hutumikia jeshi, na anayefika akiwa mnene hupitia mafunzo ya awali marefu zaidi. Mwaka 1992 wizara ya elimu ilianzisha mpango ulioitwa Trim and Fit, kwa kifupi TAF. Wanafunzi wote walipimwa uzito na urefu. Waliozidi kiwango waliingizwa katika kundi la mpango, wakafanya mazoezi ya ziada kabla ya masomo, wakati wa mapumziko au baada ya masomo: mbio, kuruka kamba, viungo. Vyakula vya kantini vikabadilishwa, vinywaji vyenye sukari vikadhibitiwa. Shule zenyewe zilipewa tuzo kwa kadiri wanafunzi wanene walivyopungua na waliofaulu jaribio la ukakamavu walivyoongezeka.

Kwa hesabu za wizara mpango ulifaulu. Kiwango cha wanafunzi wanene kilishuka katika miaka yake, hadi chini ya asilimia 10 mwaka 2006. Lakini tuzo iliyokuwa mikononi mwa mwalimu mkuu ilibebwa na miguu ya mtoto. Mtoto wa miaka tisa alitoka darasani mbele ya wenzake, kila mtu akijua anakwenda wapi, akakimbia kuzunguka uwanja huku marafiki zake wakila na kucheza. Herufi tatu za jina la mpango, zikisomwa kinyume, ni neno la Kiingereza la mtu mnene, na watoto walitaniwa kwalo. Wazazi walilalamika, na madaktari wakaanza kusikia jina la mpango huo kutoka kwa wasichana waliougua maradhi ya kujinyima chakula. Mwaka 2007 serikali iliufuta na kuleta utaratibu mwingine uliowahusu wanafunzi wote, wenye kutazama afya ya mwili na ya akili pamoja.

Hata hivyo haifai kusema kwamba kuufuta kulimaliza tatizo. Unene wa wanafunzi wa Singapore ulipanda tena, kutoka asilimia 11 mwaka 2013 hadi 13 mwaka 2017. Mbio za lazima zilikuwa na nguvu ya kupunguza kilo. Hazikuwa na nguvu ya kumfanya mtoto aendelee kukimbia akishaachiwa. Kosa halikuwa katika mazoezi. Lilikuwa katika kumtenga mtoto, na katika kumnyang'anya mapumziko yake, yaani saa pekee ambayo angeweza kucheza kwa hiari.

Njia iliyo kinyume na hiyo ilianza bila mipango mikubwa. Mwezi Februari 2012 Elaine Wyllie, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya St Ninians huko Stirling, Scotland, alianza kuwatoa watoto nje dakika 15 kila siku. Hawakubadili nguo, hawakushindana, hawakupimwa. Anayetaka kukimbia alikimbia, anayechoka alitembea, na wote walirudi darasani pamoja. Desturi hiyo, iliyopewa jina la Daily Mile, ilienea katika shule nyingi za nchi mbalimbali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling waliripoti mwaka 2018 kwamba watoto walioifuata waliongeza pumzi na ukakamavu. Jaribio kubwa la Birmingham halikuona badiliko la maana la uzito kwa jumla, isipokuwa dogo kwa wasichana. Dakika 15 peke yake hazitoshi kuondoa unene, na hakuna sababu ya kuzisifu kwa lisilo kazi yake.

Kwa waliosoma shule za msingi za Tanzania, wazo la Wyllie si geni. Mchakamchaka wa asubuhi, watoto wakikimbia kwa mistari huku wakiimba na kuitikia, ulikuwa wa shule nzima, na hakuna aliyeitwa kwa sababu ya kilo zake. Haukubuniwa kwa ajili ya unene, kwa kuwa unene haukuwa shida ya wanafunzi wa wakati ule.

Sasa umekuwa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba watoto na vijana wenye unene uliokithiri duniani, wa miaka 5 hadi 19, waliongezeka kutoka milioni 11 mwaka 1975 hadi milioni 124 mwaka 2016. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2010 kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate angalau dakika 60 za shughuli za kutoa jasho kila siku. Nairobi ilikuwa miongoni mwa miji ya nchi 12 zilizoshiriki katika uchunguzi wa watoto wa miaka 9 hadi 11 kuanzia mwaka 2011. Ilibainika kwamba karibu mmoja kati ya watano alikuwa na uzito uliozidi au unene, na waliofikisha dakika 60 walikuwa kama mmoja kati ya wanane. Hao ni watoto wa nchi ambayo wanariadha wake wengi walikuwa wakikimbia kwenda na kurudi shule. Watoto wa mjini wenye uwezo husafirishwa kwa gari hadi mlangoni, na saa za baada ya masomo huliwa na masomo ya ziada na simu.

Maarifa ya leo kuhusu mazoezi ya watoto hawa yamejengwa na makosa ya karne nzima. Kuogelea na baiskeli huyapumzisha magoti. Mazoezi ya nguvu, kama kurusha mpira mzito au kusukuma, humpa mtoto mnene nafasi adimu ya kuwa hodari kuliko darasa zima, maana mara nyingi misuli yake ina nguvu kuliko ya wenzake. Muda huongezwa kidogokidogo, na kupumzika katikati huruhusiwa. Mazoezi bila kugusa chakula hupunguza uzito kidogo tu, lakini hushusha shinikizo la damu, hurahisisha kazi ya insulini na huinua moyo. Mwongozo wa chama cha madaktari wa watoto cha Marekani wa mwaka 2023 unataka familia nzima ikutane na wataalamu ana kwa ana kwa angalau saa 26 ndani ya miezi 3 hadi 12, kwa ajili ya lishe, mwendo na tabia kwa pamoja.

Huduma ya namna hiyo iko mbali na watoto wengi wa Afrika Mashariki. Kilicho karibu nao ni uwanja wa shule, na uwanja huo unagombewa. Mwezi Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirudi kutoka likizo wakakuta kiwanja chao cha michezo kimezungushiwa ukuta. Walipoandamana kuusukuma ukuta huo, polisi waliwarushia mabomu ya machozi. Nchi nzima ilikasirika, na kiwanja kikarudishwa kwa shule.